Walidhani Yumo Msafarani: Somo kwa Kijana Anayekwenda Tamasha



Somo letu leo ni Luka 2:41-52. Chukua Biblia yako kwanza, hata ile ya kwenye simu, uzisome aya hizo kumi na mbili taratibu. Ukimaliza, rudi hapa tuendelee.

Umesoma? Haya, twende.

Kila mwaka ukikaribia mwezi wa Februari, swali lile lile linarudi kwenye magrupu ya vijana: "Jamani, kwenda Sauti za Busara ni dhambi?" Wapo wanaojibu haraka kwamba muziki wa usiku ni wa shetani. Wapo wanaojibu haraka vile vile kwamba ujana ni huu huu, twende tukale bata. Majibu yote mawili yanamwacha kijana pale pale alipokuwa. Mimi naomba leo tubadilishe swali. Badala ya kuuliza tu "niende au nisiende?", jiulize hivi: "Nikienda, nitarudi na nani?"

Sikukuu si adui

Tuanze na jambo ambalo wengi tunaliruka. Familia Takatifu ilikuwa inakwenda sikukuu. Luka anasema wazazi wa Yesu walikwenda Yerusalemu kila mwaka kwa ajili ya Pasaka. Hebu fikiria mji ule siku zile: watu kutoka kila upande, njia zimejaa, vumbi, joto, harufu ya vyakula, zaburi zinaimbwa njiani, ndugu waliopoteana wanakutana. Kijana wa miaka 12 yumo katikati ya umati huo. Maria na Yosefu hawakumfungia Nazareti kwa kuogopa umati. Walimchukua.

Na alipokuwa mtu mzima, ishara yake ya kwanza aliifanya kwenye sherehe ya harusi, kule Kana (Yoh 2:1-11). Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba watu wakikusanyika, wakapiga ngoma na kufurahi, basi Mungu ameondoka hapo, mwambie kwa upole akasome tena.

Tamasha lenyewe tulifahamu vizuri. Sauti za Busara lilianza mwaka 2004 katika Mji Mkongwe, na kwa miaka mingi jukwaa lake kuu limekuwa ndani ya Ngome Kongwe, hatua chache tu kutoka bustani ya Forodhani. Sifa yake kubwa ni kwamba muziki unapigwa laivu, na wanamuziki wanatoka pande mbalimbali za Afrika. Bi Kidude, yule bibi wa taarab na unyago aliyefariki Aprili 2013, aliimba hapo akiwa na umri ambao wengine wameshaacha hata kutoka barazani. Mwaka 2016 tamasha halikufanyika kwa sababu fedha zilikosekana, na wapenda muziki wengi walilikosa kweli kweli.

Halafu angalia jina. Mwalimu wa katekisimu alitufundisha fadhila nne za msingi: busara, haki, nguvu na kiasi. Ya kwanza ndiyo imo kwenye jina la tamasha! Sasa itakuwa ajabu kwenda kusikiliza sauti za busara, ukaiacha busara yako getini pamoja na chupa ya maji waliyokunyang'anya mlinzi.

Walipotezaje mtoto?

Hapa ndipo kiini cha somo. Maria na Yosefu hawakuwa wazembe. Hawakuwa wamelewa, hawakugombana, hawakumtelekeza mtoto. Walifanya kosa ambalo sisi sote tunaweza kulifanya tukiwa wengi: walidhani. Msafara ulikuwa mkubwa, ndugu na majirani wamo, na kila mmoja aliona ni jambo la kawaida kwamba mtoto yuko na wengine. Wakatembea mwendo wa siku nzima kwa dhana hiyo. Jioni ndipo walipoanza kuulizana.

Sasa tuhamishe jambo hili mpaka Unguja. Chukua mfano wa vijana sita wa kwaya moja ya Dar es Salaam, wavulana watatu na wasichana watatu. Wamepanda boti ya Jumamosi asubuhi, saa mbili hivi baharini, wamefika Malindi jua likianza kuwa kali. Februari ni msimu wa kaskazi, na Mji Mkongwe mchana unapita nyuzi 30 bila shida. Vichochoro vile vinatoa kivuli, lakini upepo haupiti kila mahali. Wamezunguka, wamepiga picha kwenye milango ya kale, wamefuata ngoma mtaani. Chakula cha mchana wamekiahirisha kwa sababu pesa ni ya mawazo. Jioni wameingia Ngome Kongwe. Wawili wamenunua bia, wakagawana na wenzao.

Saa nne usiku, mmoja wa wasichana anasikia kizunguzungu. Anamwambia aliye jirani yake, "Naenda kupata hewa kidogo." Muziki ni mkubwa, jirani anaitikia kwa kichwa, hajasikia vizuri. Msichana anatoka. Simu yake ina chaji asilimia tatu.

Saa saba usiku wavulana watatu wanafika gesti. Dakika kumi baadaye wanafika wasichana wawili.

"Mwenzenu yuko wapi?"

"Si yuko na ninyi?"

"Na sisi? Sisi tulijua yuko na ninyi!"

Hapo usingizi wote unakata. Simu inapigwa, haipatikani. Ndugu yangu, hakuna aliyekusudia mabaya. Kila mmoja alidhani yumo msafarani.

Katika mfano wetu, tumalizie vizuri. Wanamkuta Forodhani, amekaa pembeni ya meza ya mama mmoja muuza juisi ya miwa ambaye alikuwa anafunga biashara. Mama yule alimwona binti ameinama, amefumba macho, akamwambia, "Njoo ukae hapa mwanangu. Huendi popote mpaka wenzio waje." Akampa maji, akamfunika mabega kwa kanga yake, akabaki naye mpaka saa nane usiku wakati watoto wake mwenyewe wako nyumbani. Vijana wanapofika wakihema, hawagombezi sana. Anasema tu, "Mmekuja sita, rudini sita."

Mama yule ni Mwislamu. Hajui kwaya yenu, hajui parokia yenu. Lakini kwa masaa matatu yeye ndiye alikuwa mlinzi wa dada yenu. Si kila usiku unaisha hivyo, na wewe unajua.

Umati hauna macho

Tujifunze jambo la kwanza: tukiwa wengi, kila mmoja anadhani mwingine anaangalia. Umati hauna macho. Macho ni ya mtu mmoja anayeamua kuangalia. Ndiyo maana upendo kwa jirani, tukitaka uwe wa kweli usiku wa tamasha, lazima uwe na jina la mtu. Usiseme "tutaangaliana". Sema "mimi nakuangalia wewe, na wewe unaniangalia mimi." Bwana Yesu mwenyewe alipowatuma wanafunzi wake, aliwatuma wawili wawili (Mk 6:7).

Kwa hiyo kabla ya kupanda boti, gawaneni wawili wawili. Mwenzako akitaka kutoka, mnatoka wote. Akitaka kukaa chini, mnakaa wote. Wimbo unaoupenda ukianza wakati huo, basi, utausikia kutoka nje. Huo ndio msalaba mdogo wa usiku huo, na ni mwepesi kuliko kumtafuta mtu saa nane usiku.

Mwili wako pia umekuja

Jambo la pili ni joto. Wengine wanaona haya kuzungumza habari za maji kwenye somo la dini. Mimi sioni haya. Mtume Paulo anatufundisha kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu (1Kor 6:19), na hekalu halitunzwi kwa nia njema peke yake.

Kunywa maji kabla hujasikia kiu, kidogo kidogo siku nzima. Ukitoka jasho jingi, mwili unapoteza na chumvi pia, hivyo kula chakula. Urojo una chumvi yake, dafu linasaidia, maji yenye ndimu, sukari kidogo na chumvi kidogo yanasaidia. Kati ya saa sita na saa tisa mchana tafuta kivuli upumzike. Vaa nguo nyepesi zinazofunika. Wenyeji wa pwani hawakuvaa kanzu na mabuibui mapana bila kujua jua lao.

Mwenzako akianza kuumwa kichwa, akasikia kizunguzungu, misuli ikakaza au akatapika, mpeleke kivulini, mlegeze nguo, mloweshe kwa maji, mpepee, mpe maji anywe taratibu. Akianza kuongea mambo yasiyoeleweka, akazimia, au mwili ukawa wa moto sana, hiyo ni dharura. Endeleeni kumpoza njiani huku mkimpeleka hospitali bila kusubiri wimbo uishe. Hospitali ya Mnazi Mmoja iko karibu na Mji Mkongwe. Asiyejitambua usimnyweshe kitu.

Na pombe? Kanisa halifundishi kwamba divai ni najisi. Lakini Katekisimu (namba 2290) inataja wazi kwamba fadhila ya kiasi inatutaka tuepuke kila aina ya kuzidisha, pombe ikiwemo, na inawalaumu wanaohatarisha usalama wa wengine kwa ulevi. Kwenye joto pombe inakukausha maji na inakuondolea lile jicho tulilolisema. Ukilewa, mwenzako amebaki bila mlinzi. Na mtu aliyelewa, awe msichana au mvulana, hawezi kutoa ridhaa yoyote. Anayemchukua mtu wa namna hiyo chumbani anatenda uovu mkubwa, na anayeona akanyamaza naye ana la kujibu. Pangeni vyumba mapema: wasichana kwao, wavulana kwao.

Je, Yesu naye yumo?

Sasa tuingie ndani zaidi, maana Luka hakuandika aya hizi ili kutufundisha usalama wa safari tu. Aliyepotezwa na msafara ni nani? Ni Bwana mwenyewe. Watu wa dini kabisa, waliotoka kwenye sikukuu ya dini kabisa, walitembea siku nzima bila yeye, na hawakujua.

Hapa panatugusa. Shingoni una rozari, fulana imeandikwa jina la parokia, kwenye simu una nyimbo za kwaya. Unadhani Yesu yumo msafarani. Lakini lini mara ya mwisho uliangalia? Inawezekana hukumkana hata siku moja. Hukugombana naye. Ulitembea tu, leo Jumapili moja ya usingizi, kesho nyingine ya safari, mpaka mwendo wa siku ukawa mwendo wa miaka.

Katika Mji Mkongwe kipimo cha jambo hili kiko karibu mno. Kutoka Ngome Kongwe, kwa mwendo wa dakika chache kwa miguu, kuna kanisa kuu la Jimbo Katoliki la Zanzibar, lile ambalo wenyeji wanaliita Minara Miwili. Lilijengwa na wamisionari Wafaransa katika miaka ya 1890. (Usilichanganye na kanisa kuu la Waanglikana kule Mkunazini, lililojengwa pale palipokuwa soko la watumwa.) Na unajua Minara Miwili limewekwa chini ya usimamizi wa nani? Mtakatifu Yosefu. Yule yule aliyerudi Yerusalemu akihema, akimtafuta mtoto.

Tena ukisimama ndani ya Ngome Kongwe, jua kwamba unasimama mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, kabla Waarabu wa Oman hawajawaondoa Wareno na kujenga ngome hiyo karne ya 17 ikielekea mwisho. Watu walishasali pale unapochezea. Huna haja ya kuogopa hilo. Likumbuke tu.

Kuhusu Misa: Sheria ya Kanisa (kan. 1248) inasema amri ya Jumapili inatimizwa kwa kushiriki Misa siku yenyewe au jioni ya siku inayotangulia. Kwa hiyo mkifika, kabla hamjauliza gesti iko wapi, ulizeni ratiba ya Misa parokiani. Kama kuna Misa ya jioni Jumamosi, anzeni nayo, halafu nendeni kwenye muziki. Kama mnangojea Jumapili asubuhi, amueni kabisa saa ya kuondoka tamashani, na msiibadilishe mkiwa pale. Kumbuka pia kufunga saa moja kabla ya Komunyo (kan. 919). Maji na dawa havifunguzi mfungo huo, lakini mishikaki ya alfajiri inaufungua.

Na ukihisi kitanda ni kitamu kuliko Misa, mkumbuke Padre Evarist Mushi. Asubuhi ya Jumapili ya tarehe 17 Februari 2013, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima mwaka ule, alipigwa risasi akauawa eneo la Mtoni hapo hapo Unguja, akiwa anakwenda kuadhimisha Misa. Simtaji ili tumchukie mtu yeyote. Namtaja kwa sababu Misa ile sisi tunayoilalia, yeye aliamka akaiendea.

Wewe ni mgeni wa watu

Zanzibar ni kisiwa cha Waislamu kwa sehemu kubwa sana, na Wakatoliki ni wachache. Wachache hao wataendelea kuishi na majirani zao wewe ukishapanda boti kurudi. Kwa hiyo heshima yako ni zawadi kwao. Mitaani funika mabega na magoti. Usitembee na chupa ya pombe vichochoroni. Salamu kwanza, bei baadaye. Mzee barazani, "Shikamoo." Adhana ikilia, punguza kelele. Mtu akiuliza umetoka wapi, usione haya kusema umetoka kanisani. Mama wa juisi ya miwa alimtunza Mkristo bila kuuliza dini yake. Na wewe siku ukimkuta mtoto wa Kiislamu amepotea feri ya Kigamboni, unajua la kufanya.

Waligeuka

Walipogundua hayupo, Maria na Yosefu hawakuanza kutupiana lawama. Waligeuka. Njia ile ile waliyoichosha kwa miguu, waliirudia. Baada ya siku tatu walimkuta Hekaluni, ametulia kati ya walimu, akisikiliza na kuuliza.

Kijana mwenzangu, labda unasoma haya na tamasha limeshapita. Labda kuna mtu uliyemwacha, au kuna jambo lililotokea usiku ule na mpaka leo hujamwambia mtu. Kama ulitenda kosa, njia ya kurudi ipo, inapitia kwenye kiti cha maungamo. Kama ulitendewa, dhambi si yako. Hupaswi kuungama kosa la mwingine. Mwambie mzazi, sista, daktari au mtu mzima unayemwamini, upate msaada. Yesu hakuwa amejificha. Alikuwa mahali ambapo angepatikana, na bado yuko hapo.

Maswali ya kutafakari (peke yako au kwenye kikundi)

1. Ni nani katika kundi letu ambaye sote tunadhani "yuko na wengine"? Nani atampigia simu leo?
2. Lini mara ya mwisho niliangalia kama Yesu yumo kwenye mipango yangu, bila kudhani tu?
3. Nikitoka matembezi ya usiku, watu wanaobaki nami wanakuwa salama zaidi au wanakuwa hatarini zaidi?

Zoezi la wiki

Jumamosi tunasali Matendo ya Furaha. Utakapofika tendo la tano, Yesu anapatikana Hekaluni, taja kimya kimya jina la rafiki mmoja ambaye hujamwona kanisani kwa muda mrefu. Ukimaliza rozari, mtafute. Usimhubirie. Muulize tu hali yake, na umwambie mna nafasi yake.

Tusali

Ee Bwana Yesu, uliyekwenda sikukuu ukiwa kijana kama sisi, tunakushukuru kwa muziki, kwa marafiki na kwa bahari tunayoivuka. Utupe macho ya kumwona anayebaki nyuma. Utulinde mchana kwenye jua na usiku kwenye giza. Uwabariki wote wanaowatunza watoto wa wenzao bila kuuliza dini zao. Na tukitembea bila wewe, usituache tufike mbali kabla hatujageuka. Mtakatifu Yosefu na Mama Maria, mliomtafuta mkampata, mtuombee. Amina.

Mkienda sita, mrudi sita. Na yeye awe wa saba.